Majira ya Rufiji na Njia za Miguu

Watu wa Uingereza wana desturi moja njema. Kila majira yanapogeuka, wengi hutoka mjini kwa siku moja wakatembea kwa miguu mashambani: wakati mwingine kuangalia maua mapya, wakati mwingine majani yanayopukutika, na njiani hupita penye ngome na makanisa ya kale. Desturi hiyo haikupatikana bure. Mwaka wa 1932 vijana walifungwa gerezani kwa ajili ya ghasia zilizotokea walipopanda mlima wa Kinder Scout bila ruhusa ya wenye ardhi. Na mwaka wa 1949 ikatungwa sheria ya kufungua njia nyingi za mashambani. Kwetu Rufiji na Kibiti, mwenye kufunga na kufungua njia tangu zamani ni mto. Kwa hiyo atakaye kuijua historia ya nchi hii kwa miguu yake, na auulize kwanza mwezi.

Tuanze na kipupwe, miezi ya Juni na Julai. Masika yamekwisha, kusi yavuma, tope la njia limekauka na mpunga wavunwa. Msafiri akitoka Kibiti alfajiri hufika Nyamisati, bandari ya vyombo viendavyo Mafia. Hapo akipanda mtumbwi wakati wa maji kujaa, ataingia katika vijito vya delta, kati ya mikoko, michu, mikandaa na mikomafi, na baada ya kona mbili tatu hatajua tena bahari iko upande gani. Ndipo atakapofahamu jinsi manowari nzima ya Kidachi, jina lake Königsberg, ilivyoweza kufichwa humu. Ilikuwa imeizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikaingia Rufiji. Waingereza waliigundua karibu na Salale mwezi wa Oktoba, lakini merikebu zao kubwa hazikuweza kupita penye maji haba. Wakaleta merikebu mbili zisizohitaji kina kirefu, Severn na Mersey, na eropleni kutoka Mafia kuwaonyesha shabaha. Walishambulia tarehe 6 Julai 1915 wasifaulu. Wakarudi tarehe 11, na siku ile Wadachi wenyewe wakaitoboa manowari yao. Mizinga yake 10 iliopolewa ikavutwa kwa mikono ya watu mpaka Dar es Salaam. Mmoja wapo uko Mombasa, na mwingine Pretoria. Merikebu yenyewe imemezwa na matope. Anayekwenda leo kuitafuta ataona maji na mikoko tu.

Katika kipupwe hicho hicho yafaa kuvuka mto kwenda Mohoro, na mwenye nguvu aendelee hata Ngarambe. Huko Ngarambe mwaka wa 1904 watu wengi walikuwa wakienda kwa miguu, makundi kwa makundi, kumsikiliza Kinjikitile Ngwale na kupokea maji aliyosema yatawakinga na risasi za Wadachi. Sisi tulio Wakristo hatuyasadiki maji yale. Lakini taabu iliyowapeleka watu kule ilikuwa ya kweli. Walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya majumbe, wakaacha mashamba yao wenyewe, na malipo yalikuwa haba mno. Mwezi wa Julai 1905, pamba ilipokuwa tayari kuchumwa, Wamatumbi waliing'oa, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Tazama, basi, majira yanavyosema: vita hivi na ile ya manowari vyote vimeangukia kipupwe. Njia zikikauka, mazao huvunwa. Na mazao yakivunwa, ndipo wenye nguvu hupita kuyadai.

Mwezi wa Novemba ni wa vuli. Huu si wakati wa safari ndefu, maana mvua huja ghafula. Mwendo wa karibu na Kibiti watosha. Katika eneo la Mkukutu mtaalamu Felix Chami alichimba akapata shanga za kioo za Kirumi, akaandika habari zake mwaka wa 1999. Maana yake ni kwamba watu wa hapa walikuwa na biashara na ulimwengu wa mbali tangu zamani sana, wakati Injili ilipokuwa changa katika nchi za Warumi. Mvua ikiosha udongo, vigae vya kale huweza kuonekana njiani. Wafundisheni watoto kuviangalia na kuviacha mahali pake, kwa kuwa kigae kilichoondolewa hakiwezi tena kumwambia mchimbaji kilikotoka.

Kisha huja kiangazi, na kaskazi huvuma. Kwa pepo hizi majahazi ya Arabuni yalikuwa yakija Rufiji kuchukua boriti za mikoko, nayo yakingoja kusi ili yarudi. Nyumba nyingi za Bara Arabu na Ghuba zilisimama kwa miti ya pwani hii. Lakini kwenda mashambani wakati huu kuna habari nyingine ya huzuni. Katika hifadhi, upande wa magharibi, liko Beho Beho. Haparuhusiwi kwenda peke yako, maana tembo na simba wako. Hupitia lango la Mtemere karibu na Mloka, kwa ada na kwa kiongozi. Pana kaburi la Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyekuwa pia mpenzi mkubwa wa ndege na wanyama, aliyepigwa risasi tarehe 4 Januari 1917 akiwa na umri wa miaka 65. Jiwe lake lipo na jina lake lasomeka. Baada ya kufa kwake mvua zilishuka mapema na kwa nguvu, bonde likajaa maji, majeshi yakakwama. Wapagazi wa pande zote mbili, watu wa nchi hizi, walikufa wengi kwa njaa na maradhi. Wao hawana jiwe. Msafiri Mkristo akisimama mbele ya kaburi lile moja, na awakumbuke katika sala wale wengi waliozikwa bila majina.

Masika, miezi ya Machi hata Mei, si majira ya kutembea bondeni. Zamani malori yalingoja siku nyingi penye kivuko cha Ndundu. Tangu 2003 liko daraja la Mkapa, lenye urefu wa meta 970 hivi, na juu yake mtu aweza kusimama akauona mto ukiwa bahari. Wazee wetu hawakuyaona maji haya kuwa adui tu. Walijenga madungu marefu mashambani, wakalinda mpunga wao humo, na maji yakipungua walipanda mlau katika tope jipya lenye rutuba. Kisha yakaja mafuriko ya 1968, na serikali ikawahamisha watu wa bondeni, mwaka ule na mwaka uliofuata, kwenye vijiji vya ujamaa mahali pa juu. Walipata shule, zahanati na barabara. Wakaacha makaburi, miembe na majina ya mahali. Nao mto umebadilika. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Mafuriko bado yalikuja Aprili 2024, yakaharibu nyumba na mashamba katika Rufiji na Kibiti. Lakini sasa mwenendo wa maji hufuata milango ya bwawa pia, wala si mvua peke yake, na desturi ya mlau yategemea jambo ambalo babu zetu hawakulijua.

Kwa hiyo neno langu kwa walimu na wazazi ni fupi. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 watu walipohamishwa, sasa amepita 75. Yeye ndiye ajuaye muembe upi ulikuwa wa nani, na kijiji kipi kilisimama wapi kabla ya nyasi kukifunika. Kipupwe kijacho, njia zikikauka, mchukueni mzee mmoja kama huyo pamoja na watoto watano au sita, mwende bondeni asubuhi na kurudi kabla ya jua kuchwa. Mpeni mzee fimbo na nafasi ya kupumzika, na mtoto mmoja daftari. Majina atakayoyataja yaandikwe siku ile ile, kabla masika hayajarudi.