Zifahamu Aina za Dawa za Kulevya na Namna ya Kumnusuru Mwanafunzi

Dawa za kulevya ni kemikali ambazo zikiingia mwilini hubadili namna mtu anavyofikiri, anavyohisi na anavyotenda. Nchini Tanzania zinadhibitiwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Hata hivyo, mwanafunzi aliyekwisha kupata uraibu ni mgonjwa anayestahili tiba, na tiba hiyo hutegemea aina ya dawa aliyotumia.

Kundi la kwanza ni vipumbaza, zikiwemo heroini na dawa tiba zenye asili ya kulevya kama tramadoli na Valium. Hizi hupunguza kasi ya ubongo na upumuaji, na hatari huongezeka zikichanganywa na pombe.

Kundi la pili ni vichangamshi, yaani kokeini, methamfetamini na mirungi, ambayo baadhi ya wanafunzi huitafuna ili wakeshe wakijisomea. Huongeza mapigo ya moyo, hunyima usingizi na huweza kuleta hofu isiyo na sababu.

Kundi la tatu ni vileta njozi. Bangi, ambayo wakati mwingine hufichwa ndani ya biskuti na keki, hudhoofisha kumbukumbu na huweza kuchochea ugonjwa wa akili.

Mwanafunzi akikutwa haamki, anapumua kwa shida au midomo imebadilika rangi, alazwe kwa ubavu na kuwahishwa hospitali. Asinyweshwe maziwa wala maji, kwani huweza kumpalia. Wenzake wamweleze mganga ukweli kuhusu alichotumia. Kuficha kwa kuogopa adhabu hupoteza muda wa kuokoa maisha.

Aliyeacha heroini kwa muda yuko hatarini zaidi akiirudia, kwa kuwa mwili hauhimili tena kiwango cha awali. Naye aliyezoea Valium kwa muda mrefu asiache ghafla bila usimamizi wa daktari, kwani anaweza kupata degedege.

Tiba ya methadoni, iliyoanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, hutolewa bila malipo kwa waraibu wa heroini. Haitibu uraibu wa bangi wala mirungi. Hao huhitaji ushauri nasaha na uangalizi wa karibu. Wazazi, walimu na wanafunzi wanaweza kupata ushauri kutoka Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kwa kupiga simu bila malipo namba 119.