Waya Mmoja, Ncha Mbili

  Leo tuweke kando mambo ya kuandika programu, nataka tuzungumze kidogo historia ya ruta na swichi. Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka 2019, nikiwa mwaka wa mwisho wa shahada ya sayansi ya kompyuta, niliitwa kwenye nyumba ndogo ya wageni huko Diani nipange upya nyaya. Ruta moja, swichi mbili za bei rahisi, kompyuta sita. Nikajiambia hii ni kazi ya nusu saa. Nilipomaliza, taa zote za swichi zikaanza kumetameta kwa pamoja kama za harusi, na mtandao ukafa. Dada wa mapokezi akaniambia, "Kaka, mashine ya kadi haisomi, na wageni wanataka kulipa waende zao." Mwenye nyumba, mzee mmoja wa Msambweni, alinitazama tu bila neno. Heri angenitukana.

Nilihangaika saa mbili. Nikazima ruta nikawasha, nikabadilisha anwani, nikalaumu kampuni ya intaneti. Mwishowe nikachomoa waya mmoja mmoja. Wa nne ulikuwa na ncha zote mbili kwenye swichi ile ile.

Kwa nini waya mmoja uue mtandao mzima? Kompyuta ikitaka kumjua mwenye anwani fulani, hupiga ukelele kwa wote: nani mwenye 192.168.1.1? Swichi hutoa ukelele huo kwenye matundu yote isipokuwa ulikoingilia. Basi unatokea tundu la 3, unarudi kwa tundu la 7, unatolewa tena, na tena. Pakiti ya IP ina hesabu inayopungua kila ikipita ruta, ikifika sifuri inatupwa. Ukelele wa Ethernet hauna hesabu hiyo. Haufi.

Dawa yake ni ya zamani. Mwaka 1985 mama mmoja Mmarekani, Radia Perlman, akifanya kazi katika kampuni ya DEC, alibuni mbinu ya swichi kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, zikamchagua mmoja wao kuwa mzizi, kisha zikafunga njia za ziada hadi zitakapohitajika. Akaandika na shairi la kuieleza! Sisi watu wa pwani tunaojisifia ushairi tusikie hapo. Nami kanuni hiyo niliijibu vizuri kabisa kwenye mtihani. Ila swichi nyingi za bei rahisi hazinayo, na hilo mtihani haukuuliza.

Kuna mzunguko mwingine mkubwa zaidi, nao ulikuwa wa nchi nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1990, ukiwa Ukunda na mwenzako yuko Mombasa, kilomita kama 30 na feri ya Likoni katikati, na kila mmoja ana kampuni yake ya intaneti, barua pepe yako ilipanda setilaiti, ikashuka ng'ambo, mara nyingi Marekani, ikapanda tena ikashuka Kenya. Setilaiti hizo ziko karibu kilomita 36,000 juu. Piga hesabu: kupanda na kushuka mara mbili ni kilomita 144,000, yaani karibu nusu sekunde kwa mwendo wa mwanga. Jibu nalo nusu sekunde. Na kila hatua ililipiwa kwa dola.

Novemba 2000 kampuni za intaneti zilifungua Nairobi kituo cha kubadilishana data, KIXP. Usidhani ni jengo la ajabu. Kimsingi ni swichi, kila kampuni inaleta ruta yake na kuchomeka. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake ya njia za kimataifa, ikalalamika, na baada ya wiki chache tu tume ya mawasiliano ya wakati huo, CCK, ikaamuru kifungwe. Walipigania leseni hadi Februari 2002 ndipo kikafunguliwa tena. Zaidi ya mwaka mzima kwa ajili ya swichi!

Mwaka 2009 nyaya za baharini zikatua Mombasa, TEAMS kutoka Fujairah na kisha SEACOM. Mimi nilikuwa darasa la tano, nikachukulia kwamba mambo ndivyo yalivyokuwa siku zote.

Ruta ndogo nazo zina hadithi yao. Pwani utaikuta sana MikroTik, ya kampuni ya Latvia iliyoanzishwa mwaka 1996. Naipenda kwa sababu kwa bei ya kawaida inakupa karibu kila kitu cha ruta kubwa, na kwa sababu hiyo hiyo mwanafunzi anaweza kujifungia nje ya ruta yake mwenyewe kwa amri moja. Nimejifungia mara tatu.

Kwa yule mzee wa Diani nilirudi wiki iliyofuata, bila malipo, nikaweka swichi moja yenye kinga na kibandiko kwenye kila ncha ya waya. Akasoma kimoja, akauliza, "Na huu, mwanangu, ncha yake nyingine iko wapi?" Tukaifuata pamoja hadi mapokezi.