KODI KWANZA IREKEBISHE PAA



Ndugu zangu katika imani, vijana wengi hapa mpakani Kasesya wananiuliza: "Ustadhi, nikipata pesa kidogo nijenge vyumba vya kupangisha?" Ndiyo, jenga, ni biashara ya halali. Lakini kabla hujanunua tofali la kwanza, njoo tusome historia.

Sayyidna Umar (r.a.) alipata shamba zuri huko Khaybar. Akaenda kumtaka Mtume (s.a.w.) ushauri. Akaelekezwa alizuie shamba lenyewe, lisiuzwe wala lisirithiwe, na mazao yake yaende kwa wenye haja. Hiyo ndiyo wakfu: mali inabaki, manufaa yanatembea.

Jambo hilo lilifika pwani yetu. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, watu wengi waliweka wakfu nyumba na maduka, kodi ihudumie misikiti, maskini au kizazi chao. Nyumba zile zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zililazwa juu ya boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba, kwa sababu upana wa chumba unafuata urefu wa boriti. Adui yake mkubwa ni maji. Paa likivuja, boriti huoza, kisha kuta huachana.

Mafakihi waliliona hilo mapema. Wakasema pato la wakfu lianze kuikarabati mali yenyewe, ndipo wanaostahiki wagawiwe. Kwa nini? Kwa sababu anayekula kodi yote leo anakula na haki ya atakayekuja kesho.

Sasa zingatia yaliyotokea. Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali. Kodi ikawa ndogo, matengenezo yakawa haba, na nyumba nyingi zikabomoka. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuuhifadhi mji ule, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati likikarabatiwa. Watu wawili wakafariki. Nyumba haijali sifa. Inajali aliyeitunza na aliyeichelewesha.

Usiseme hayo ni ya Unguja tu. Hapa kwetu nimeona mzee mmoja akifariki na kuacha vyumba vinne vya kupangisha. Warithi waliyajua majina ya wapangaji wote, lakini hakuna aliyelijua paa. Kila mwezi waligawana kodi mpaka shilingi ya mwisho. Masika ya tatu ukuta wa nyuma ukalala chini. Wapangaji wakahama, na waliobaki mikono mitupu ni wajukuu mayatima.

Basi wewe unayetaka kupangisha, jifunze haya:

1. Ukipokea kodi ya shilingi 30,000, weka kando walau 3,000 za matengenezo kabla hujagusa nyingine.

2. Kabla ya mvua za Novemba, kagua misumari ya bati na uzibue mifereji.

3. Nyumba zetu nyingi ni matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo. Maji yakisimama kwenye msingi, udongo hulainika. Chimba mtaro uyapeleke mbali.

4. Ukiona ufa, usikimbilie kuupaka plasta. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake na uandike tarehe. Ukiendelea kurefuka, mwite fundi aangalie msingi.

Na usione haya kushika mwiko na nyundo. Katika Suratul Kahf, Nabii Musa (a.s.) na Khidhr walifika mji ambao watu wake walikataa kuwakirimu. Khidhr akakuta ukuta unataka kuanguka, akausimamisha bila ujira. Musa akashangaa. Kumbe chini yake kulikuwa na hazina ya mayatima wawili, na baba yao alikuwa mtu mwema. Ukarabati ule ulikuwa ulinzi wa mali ya yatima.

Leo jioni, kabla ya Magharibi, zunguka nyumba yako. Huenda chini ya ukuta wako pia ipo haki ya mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Allah atujaalie mali yenye baraka na mikono yenye kuitunza. Aamiin. Mfikishie na mwenzako.

Wallaahu a'lam.