Hasheem Thabeet: Namba mbili tuliyokubali iwe kichekesho

Kila mwisho wa Juni, klabu za ligi ya kikapu ya NBA zinapochagua vijana wapya, waandishi wa Marekani hutoa orodha ya wachezaji waliochaguliwa mapema kisha wakashindwa kutamba. Jina la Mtanzania Hasheem Thabeet halikosekani humo. Orodha hizo hutua kwenye simu za vijana wetu siku hiyohiyo, nao huzisambaza wakicheka. Kuanzia vijiwe vya Kariakoo hadi njia panda ya Segera, kijana mrefu akipita ataitwa "Hasheem", na mara nyingi anayeita anajua jambo moja tu: kwamba huyo ndiye aliyechaguliwa mbele ya Stephen Curry.

Ni kweli. Juni 25, 2009, jijini New York, Los Angeles Clippers walimchukua Blake Griffin akiwa wa kwanza, Memphis Grizzlies wakamchukua Hasheem akiwa wa pili. James Harden alikuwa wa tatu, Curry wa saba. Ukiisoma orodha hiyo leo, hali yaliyofuata unayajua, utadhani watu wa Memphis walifumba macho. Hawakufumba. Tatizo ni kwamba sisi tumeipokea hadithi ya Hasheem kuanzia siku hiyo kwenda mbele, kama Wamarekani wanavyoisimulia, na ya nyuma yake tumeyaacha.

Alizaliwa Dar es Salaam, Februari 16, 1987, na mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka 15. Umri huo Marekani mtoto huwa ameshacheza ligi za shule na za mtaa kwa miaka mingi. Akapata nafasi ya kusoma sekondari Houston, Texas, katika shule ya Cypress Christian, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun, mzee mkali ambaye tayari alikuwa amekipatia chuo hicho ubingwa wa taifa mara mbili. Hasheem alikuwa na urefu wa futi 7 na inchi 3, mita 2.21 hivi.

Takwimu za msimu wake wa tatu na wa mwisho chuoni, 2008/09, zinajieleza: wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8, na mitupo minne ya wapinzani aliyoizuia kila mchezo. Januari 31, 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akachukua ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Mchezaji kufikisha tarakimu mbili katika mizuio ni jambo ambalo mashabiki wengi hawalioni hata mara moja uwanjani.

Wiki mbili baadaye likatokea lile la Pittsburgh. Ilikuwa Februari 16, siku Hasheem anatimiza miaka 22. Connecticut walikuwa namba moja kwa ubora Marekani nzima, wako nyumbani Hartford. Pittsburgh walikuja na DeJuan Blair, kijana mfupi kuliko Hasheem kwa karibu sentimita 20, lakini mnene wa kifua na mwenye mabega ya mnyanyua vyuma. Mapema kabisa wawili hao wakagombea ribaundi, mikono ikanasana, na Blair akainama akavuta. Hasheem alipita juu ya bega lake kama gunia linaloshushwa na kuli, akadondoka kwa mgongo. Uwanja mzima ulisimama.

Picha hiyo ilirudiwa kwenye televisheni mpaka ikachosha. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68, na kuanzia hapo likazuka neno kwamba jitu la Tanzania ni refu lakini jepesi, linasukumika. Binafsi naona mengi yaliyosemwa baadaye juu ya Hasheem yalianzia kwenye ile picha ya sekunde chache.

Kinachosahaulika ni jinsi msimu ulivyoisha. Makocha wa ligi yao ya Big East, watu waliouona mchezo ule na mingine yote, walipopiga kura ya mchezaji bora wa mwaka, walishindwa kumtenga mmoja: tuzo ikagawanywa kati ya Blair na Hasheem. Tuzo ya mlinzi bora wa ligi hiyo Hasheem aliichukua peke yake, kwa mwaka wa pili mfululizo. Akaifikisha Connecticut kwenye nne bora za taifa kule Detroit, walikofungwa na Michigan State. Na siku ya kuchaguliwa, yule Blair aliyemtupa chini alisubiri hadi nafasi ya 37, kwa kuwa madaktari waligundua magoti yake hayakuwa na mishipa muhimu inayoyashikilia.

NBA ilimpokea vibaya. Sababu ya kwanza ni sheria. Chuoni, mlinzi mrefu anaweza kusimama chini ya kikapu muda wote akisubiri mtupaji aje. NBA inamkataza kukaa eneo hilo zaidi ya sekunde tatu kama hana mtu wa karibu anayemkaba. Silaha kubwa ya Hasheem ilikuwa kusimama pale pale. Sababu ya pili ni kwamba Memphis ilikuwa na Marc Gasol na Zach Randolph; dakika za kujifunzia zingetoka wapi? Februari 2010 akapelekwa ligi ndogo, timu ya Dakota Wizards, kwenye baridi la North Dakota. Hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kushushwa huko kabla yake. Mwaka mmoja baadaye alipelekwa Houston Rockets katika biashara iliyomrudisha Shane Battier Memphis, kisha Portland, kisha Oklahoma City Thunder, alikovaa jezi moja na Kevin Durant, Russell Westbrook na Serge Ibaka wa Kongo. Mchezo wake wa mwisho wa msimu rasmi wa NBA ulikuwa mwaka 2014.

Baada ya hapo alicheza Japani, Taiwan, na akarudi kuvaa jezi nyumbani.

Sasa tujiulize sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Hasheem akiwa ndiyo kwanza anaushika mpira, serikali ilisimamisha UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari yaliyoibua vipaji vya vizazi vyote. Yalirudishwa baadaye, lakini kikapu bado ni mchezo wa miji mikubwa. Dar es Salaam wana viwanja vya Don Bosco na kile cha Kikwete pale Kidongo Chekundu kilichofunguliwa 2015. Panda basi Chalinze uje Segera, kisha endelea Korogwe, na uangalie viwanja vya shule vinavyoonekana kutoka barabarani. Magoli ya miti utayaona mengi. Kikapu utakitafuta. Hata mkoa huu wa Tanga, uliotoa bingwa wa soka Coastal Union mwaka 1988, mtoto mrefu wa Handeni huambiwa acheze golikipa.

Ring hufungwa mita 3.05 kutoka chini. Inahitaji nguzo, ubao, chuma na sakafu ya saruji, gharama ambayo halmashauri haiwezi kusema haina. Shirikisho la Mpira wa Kikapu na halmashauri za Handeni na Korogwe wakae, wachague shule chache za kando ya barabara hii, wajenge. Na wanaosambaza zile orodha za Juni watuambie kwanza ni Mtanzania gani mwingine amewahi kuchaguliwa hata wa 60.