Padri Clavius na Kiti cha Mwalimu wa Hesabu

Katika shule zetu za Kongo miaka ya juu ya sekondari huitwa humanités, na kijana anayechagua Matematika-Fizika hutazamwa na wenzake kama shujaa, au kama mtu asiyejua alichojitakia. Jina hilo la humanités ni la zamani, na lilienea sana kwa vyuo vya Mapadri Wajesuita vya karne ya 16. Huko vijana walipanda kutoka sarufi ya Kilatini hadi humanitas, kisha retorika. Lakini wasomaji watashangaa kusikia ya kuwa katika madarasa hayo hesabu karibu haikuwa na nafasi. Ilingojea kijana aingie filosofia, na hata huko ilikaa karibu na mlango. Aliyeisogeza ndani ni padri mmoja Mjerumani, Christoph Clavius.

Alizaliwa Bamberg mwaka wa 1538. Mwaka wa 1555, akiwa kijana wa miaka 17 tu, aliingia Shirika la Yesu mjini Roma, naye Mtakatifu Ignasi alikuwa bado hai. Akatumwa Coimbra katika Ureno kwa masomo. Tarehe 21 Agosti 1560 alisimama huko na kuona jua likipatwa mchana, hata giza likashuka. Hesabu alijifunza kwa sehemu kubwa peke yake, akihangaika na vitabu bila mtu wa kumwongoza. Aliporudi Roma alipewa kuifundisha katika Collegio Romano, na kazi hiyo aliishika karibu maisha yake yote. Naona jambo hili lilimfaa: mtu aliyejifunza bila mwalimu anajua vizuri ni mahali gani mwanafunzi hukwama. Kitabu chake cha jiometri ya Euclid, kilichochapwa mwaka wa 1574, kimejaa maelezo na njia za ziada, kama vile mwandishi anamwona msomaji akikunja uso.

Basi tatizo lilikuwa nini? Tatizo lilikuwa ndani ya nyumba. Katika chuo kilekile alifundisha Benito Pereira, mwanafilosofia hodari, aliyesema ya kuwa hesabu si elimu ya kweli kwa maana kamili ya Aristotle, kwa sababu haionyeshi chanzo cha jambo. Alitoa mfano ambao kila mwanafunzi wa sekondari anaujua. Pembe tatu za pembetatu, tukizijumlisha, ni digrii 180. Tunathibitishaje? Tunarefusha upande mmoja kupita ncha yake, kisha kutoka ncha hiyo tunachora mstari ulio sambamba na upande usioigusa. Mara pembe zote tatu zinakusanyika mahali pamoja, juu ya mstari mmoja ulionyooka. Vema, asema Pereira, lakini mistari hiyo miwili haikuwamo katika pembetatu. Wewe ndiwe uliyeileta. Itakuwaje chanzo cha jambo ambalo lilikuwa kweli kabla hujachukua kalamu?

Tusimcheke Pereira. Swali lake ni lilelile la mwanafunzi wa nyuma anayenyosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, mstari huo umeutoa wapi?" Mwalimu anayejibu "andika tu" amempoteza. Clavius, kwa upande wake, alijibu ya kuwa wanafilosofia wamegawanyika katika makundi mengi, kila kundi na maoni yake, hata mtu hajui amfuate nani. Lakini alichothibitisha Euclid kimesimama imara tangu zamani. Yeye alipenda uhakika. Pereira alitaka sababu. Mwalimu mzuri wa leo anatakiwa kuwa na vyote viwili, na hapo ndipo ugumu wa kazi yake.

Hata hivyo Clavius aliona ya kuwa mabishano ya vitabuni peke yake hayataisaidia hesabu. Karibu na mwaka wa 1582 aliwaandikia wakubwa wa Shirika mashauri juu ya namna ya kuiinua katika shule zao. Jambo alilolitanguliza lawahusu watu. Alitaka achaguliwe mwalimu mwenye elimu na mamlaka isiyo ya kawaida, kisha mwalimu huyo aalikwe pamoja na wengine siku za sherehe, wakati wa kutoa digrii na wa mabishano ya hadhara. Kwa maana wanafunzi, alisema, huidharau hesabu wakiona mwalimu wake haitwi kamwe pamoja na walimu wenzake. Aliomba pia walimu wa filosofia waache kuwaambia vijana ya kuwa hesabu si elimu. Tena aliomba wanafunzi wachache wenye kipaji wakusanywe na kufundishwa zaidi, ili wawe walimu wa kesho.

Mwanafunzi ana macho. Anaona nani hupewa kiti cha mbele na nani huachwa asimame ukutani. Nimeona mwenyewe, siku ya kutangaza matokeo, jinsi mwalimu anayepigiwa makofi anavyopata wafuasi mwaka unaofuata, somo liwe gumu namna gani.

Mwaka huohuo wa 1582 Clavius alikuwa na kazi nyingine mkononi. Kalenda ya Julius Caesar ilikuwa imezidi mwaka wa jua kwa dakika 11 hivi, na zile dakika, zikikusanyika karne kwa karne, ziliisogeza Pasaka mbali na majira yake. Papa Gregori XIII aliamuru siku 10 zifutwe: baada ya tarehe 4 Oktoba 1582 ikafuata tarehe 15. Mpango wenyewe ulitoka kwa mganga Luigi Lilio. Clavius aliupima, akaueleza, na akautetea kwa miaka mingi. Nani tena angesema hesabu haina faida kwa Kanisa?

Lakini wakubwa hawakumpa yote. Kanuni za masomo za mwaka wa 1599, Ratio Studiorum, ziliweka Euclid kwa wanafunzi wa fizika, robo tatu ya saa kila siku. Kila mwezi, au kila miezi miwili, mwanafunzi mmoja alipaswa kutatua fumbo maarufu la hesabu mbele ya wanafilosofia na wanateolojia. Robo tatu ya saa ni kidogo. Hata hivyo kilikuwa kiti, tena kiti cha kudumu.

Kwa mwanafunzi wake Grégoire de Saint-Vincent, mzaliwa wa Bruges, mafundisho hayo yalifika Antwerp na Louvain, na kutoka nchi hiyo ya Ubelgiji Wajesuita walikuja Kwango mwaka wa 1893.

Mwanafunzi mwingine, Matteo Ricci, alikibeba kitabu cha Euclid cha mwalimu wake hadi China. Huko Beijing, Xu Guangqi, msomi aliyekuwa ameshinda mtihani mkuu wa dola mwaka wa 1604, alikubali kuketi kama mwanafunzi na kuandika kwa Kichina maneno aliyoelezwa. Mwaka wa 1607 vitabu sita vya kwanza vilichapwa. Xu alitaka kuendelea, Ricci akasema vinatosha. Tisa vilivyobaki vilichapwa mwaka wa 1857. Jina Clavius linafanana na neno la Kilatini lenye maana ya msumari, kwa hiyo Ricci alimpa jina la Kichina linalokumbusha msumari, Ding. Akaongeza mbele ya wasomaji wa China neno lao la heshima: Mwalimu Ding.