Mikeka na mazulia mjini Tabora

Mikeka na mazulia ni matandiko ya sakafu yanayotumika katika nyumba za mji wa Tabora, magharibi mwa Tanzania, katika kata ya Gongoni kama katika kata nyingine za Manispaa ya Tabora. Mkeka husukwa kwa majani makavu au kwa nyuzi za plastiki, na zulia hufumwa kwa sufu, pamba au nyuzi za viwandani. Yote mawili yamekuwepo mjini tangu enzi za misafara ya karne ya 19. Hadi leo nyumba moja huweza kuwa nayo yote: zulia la sebuleni kwa ajili ya wageni, na mikeka kwa ajili ya kula, kupumzika, kuswali na kupokea watu wakati wa msiba.

Kwa hiyo kuchagua tandiko si suala la kupendeza macho peke yake. Tandiko lisilofaa hukusanya vumbi, huliwa na mchwa, huota ukungu au humtelezesha mzee. Pengine hukunjwa na kuwekwa pembeni kwa kuwa wenye nyumba wanaogopa kulichafua.

## Majina

Kiswahili kina majina kadhaa ya matandiko, na kila jina lina matumizi yake:

* Mkeka ni jina la jumla la tandiko la kusukwa, hasa lile laini lililotengenezwa kwa ukindu.
* Jamvi ni mkeka mkubwa na mgumu zaidi, unaosukwa kwa miyaa. Hutandikwa penye watu wengi, kwa mfano msikitini, arusini au matangani.
* Msala (pia mswala) ni mkeka au zulia dogo la kuswalia.
* Busati ni tandiko ambalo asili yake ni Maskati na nchi za Ghuba.
* Kirago ni mkeka wa kulalia wa nyasi au matete ambao msafiri aliukunja na kuubeba. Msemo "kufunga virago", yaani kuondoka na vitu vyote, umetokana na mikeka hiyo.
* Zulia ni tandiko zito la kufumwa. Neno hili limetoka katika Kiarabu. Siku hizi watu wengi husema pia kapeti, neno lililotoka katika Kiingereza.

## Historia

Tabora, iliyojulikana pia kwa jina la Kazeh, ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na vitambaa, shanga na bidhaa nyingine. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh mwezi Novemba 1857 wakawakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wamekwisha kujenga makazi ya kudumu.

Mazulia yaliingia kwa njia hiyo hiyo. Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1871, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1872 kwamba Waarabu wenye mali wa Tabora walikuwa na mazulia ya Uajemi, matandiko ya kifahari na vyombo vya fedha vya kunywea chai na kahawa. Kila zulia la namna hiyo lilikuwa limevuka bahari hadi Zanzibar, kisha likabebwa na binadamu kwa mamia ya kilomita. Kwa hiyo zulia lilikuwa alama ya utajiri na ya uhusiano na pwani. Utajiri huo ulitegemea kwa sehemu kubwa biashara ya pembe na ya watumwa. Mpagazi aliyebeba mzigo huo alilala juu ya kirago.

Nyumba za wakati huo ziliitwa tembe: zilikuwa na kuta nene za udongo, paa la bapa na vyumba vyenye mwanga mdogo. Tembe la Kwihara, karibu na Tabora, ambako Stanley na David Livingstone walikaa mwaka 1872, ni makumbusho leo na linaonyesha ujenzi huo.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Bidhaa nzito ziliacha kutegemea mabega ya watu, na matandiko ya madukani yakaanza kufika kwa urahisi zaidi.

## Aina na malighafi

Mkeka wa ukindu hutokana na majani machanga ya mkindu. Majani hupasuliwa, hukaushwa juani, na yanayotakiwa kuwa na rangi huchemshwa katika maji yenye rangi. Msusi husuka kwanza ukanda mrefu uitwao ukili, kisha hushona kili pamoja hadi upana utoshe. Mkeka mzuri hutambulika kwa kili zenye upana ulio sawa, mshono usioonekana sana na kingo zilizofungwa vizuri.

Mkeka wa plastiki huoshwa kwa maji na hauliwi na mchwa, lakini hupasuka ukiachwa juani muda mrefu na huyeyuka ukiguswa na kaa la moto.

Zulia la kufumwa kwa mkono hutoka hasa Iran, Uturuki na nchi jirani. Likigeuzwa, mchoro wake huonekana wazi upande wa nyuma, fundo kwa fundo. Matamvua yake ni mwisho wa nyuzi zenyewe za zulia. Ya zulia la mashine mara nyingi yameshonewa baadaye.

Zulia la mashine ndilo la kawaida madukani. Mengi hutengenezwa kwa polipropilini, na sehemu kubwa hutoka Uturuki na China. Yapo yenye nyuzi fupi na yapo yenye nyuzi ndefu, yanayoitwa mazulia ya manyoya.

## Kuchagua tandiko

### Matumizi na sakafu

Jambo la kwanza ni kujua nani atakaa hapo na atafanya nini. Mahali pa kulia chakula panafaa mkeka, kwa sababu mchuzi uliomwagika hufutwa mara moja. Sebule yenye makochi hufaa zulia la nyuzi fupi. Mahali pa kuswalia panahitaji tandiko safi lisilokanyagwa kwa viatu, na Waislamu wengi huepuka lenye picha za watu au wanyama.

Sakafu ya udongo haifai zulia, kwa kuwa unyevu na mchwa hutoka chini. Hata mkeka wa majani huinuliwa kila siku. Sakafu ya saruji hufaa aina zote. Vigae huteleza, hivyo tandiko jepesi huhitaji mpira chini yake, hasa penye wazee na watoto.

### Vumbi na mvua

Mvua za Tabora hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni ya kiangazi, yenye upepo na vumbi. Zulia la manyoya lililo karibu na mlango wa nje hujaa vumbi kwa siku chache tu, na ufagio hauwezi kulitoa lote. Nyuzi fupi au mkeka hufaa zaidi mahali hapo.

### Ukubwa

Zulia dogo kupita kiasi hufanya chumba kionekane kidogo. Desturi ni angalau miguu ya mbele ya makochi ikae juu ya zulia, na sentimita 30 hivi za sakafu zibaki wazi pembeni. Kabla ya kununua, ukubwa unaweza kujaribiwa kwa kutandika kanga sakafuni: kipande kimoja kina urefu wa takriban mita 1.5 na upana wa zaidi kidogo ya mita 1.

### Rangi

Rangi huchaguliwa kwa kuanzia na vitu visivyobadilishwa kwa urahisi: sakafu, kuta na makochi.

* Chumba chenye madirisha madogo, kama vile vya nyumba za zamani, hupata nuru kwa krimu, manjano au kijani hafifu.
* Juu ya sakafu nyekundu ya saruji, zulia jekundu hupotea. Bluu, kijani au krimu huonekana vizuri.
* Makochi yenye maua hupatana na zulia la rangi moja, na makochi ya rangi moja hupatana na zulia lenye michoro.
* Nyeupe huonyesha udongo, na nyeusi huonyesha vumbi. Rangi za kati zenye michoro midogo huficha yote mawili.

Rangi hutazamwa mchana na tena usiku kwa taa ya nyumbani, kwa sababu taa ya duka hubadilisha sura yake. Kitambaa cheupe chenye maji kikisuguliwa juu ya zulia na kupata rangi, zulia hilo litachuja likifuliwa.

## Utunzaji na afya

Mkeka hukung'utwa, hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kukaushwa kivulini, kisha huviringishwa. Ukikunjwa, majani huvunjika. Zulia hutolewa nje na kupigwa kwa fimbo upande wa nyuma, na hugeuzwa mara kwa mara ili jua la dirishani lisififishe upande mmoja tu. Likiloa lazima likauke kabisa kabla ya kutandikwa.

Vijidudu vya vumbi huishi katika nyuzi za mazulia na vinaweza kuchochea pumu. Katika chumba anacholala mgonjwa wa pumu, mkeka ni salama kuliko zulia.

## Nafasi katika jamii

Wakati wa msiba makochi husogezwa, majamvi na mikeka hutandikwa, na watu hukaa chini pamoja bila kujali cheo. Majirani huleta mikeka yao wenyewe. Nyumba yenye zulia moja kubwa na isiyo na mkeka hata mmoja hulazimika kuazima siku hiyo. Ndiyo maana familia nyingi, hata zenye mazulia ya gharama, huendelea kuhifadhi mikeka iliyoviringishwa nyuma ya mlango.

## Tazama pia

* Mkindu
* Kanga
* Kwihara
* Tabora