Kuuza Jina la Kikoa kwa Mnunuzi Asiyefahamika

Jina la kikoa ni anwani ya tovuti kwenye intaneti, kama yale yanayoishia na .co.tz. Mfanyabiashara wa asali au kahawa aliyeko Kumsenga, Kibondo au Kasulu anaweza kulisajili kwa simu yake. Anaweza pia kupokea ombi la kuliuza kutoka kwa mtu ambaye hatakutana naye kamwe.

Rejesta ya vikoa vya .tz ilisimamiwa na tzNIC, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2006, na sasa iko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Mwananchi husajili jina kupitia wasajili walioidhinishwa. Jina hilo si mali ya kudumu kama kiwanja, bali ni haki ya kulitumia kwa muda uliolipiwa, na mwenye haki ni yule anayeonekana kwenye kumbukumbu za msajili. Kwa hiyo muuzaji ahakikishe kwanza kuwa jina limeandikwa kwake, si kwa fundi aliyemtengenezea tovuti, jambo linalotokea mara nyingi.

Hatari kubwa iko kwenye mpangilio wa makabidhiano. Kikoa huhamishwa kwa msimbo wa siri unaotolewa na msajili, na anayeupata anaweza kulihamisha jina bila kumuuliza mtu tena. Fedha, kwa upande wake, inaweza kuonekana imeingia kumbe haijaingia. Ujumbe mfupi wa kughushi unaodai malipo yamepokelewa ni hila inayofahamika nchini, na malipo ya kadi kutoka nje yanaweza kubatilishwa baada ya siku kadhaa. Muuzaji aangalie salio lake mwenyewe kupitia huduma ya simu au tawi la benki, asitegemee picha ya risiti. Msimbo utolewe mwisho.

Kwa kiasi kikubwa cha fedha, pande mbili hutumia msimamizi wa malipo, yaani kampuni inayoshikilia fedha za mnunuzi hadi kikoa kikabidhiwe. Escrow.com ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1999, ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi. Matapeli huunda tovuti zinazofanana na za kampuni hizo, hivyo muuzaji aandike anwani mwenyewe badala ya kubonyeza kiungo alichotumiwa. Mnunuzi anayedai kwanza cheti cha thamani ya jina, kinachonunuliwa kwenye tovuti aliyoichagua yeye, anatafuta ada ya cheti hicho na wala hana haja na jina.

Njia nyepesi ni mnunuzi kufungua akaunti kwa msajili yuleyule, kisha jina lisogezwe kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Inafaa pia kwa jina jipya la .com, ambalo msajili anaweza kukataa kulihamishia kwa msajili mwingine ndani ya siku 60 za mwanzo.

Jambo linalosahaulika zaidi ni barua pepe. Atakayepata kikoa atapokea kila ujumbe unaotumwa kwenye anwani zake, pamoja na viungo vya kubadili nywila za benki, mitandao ya kijamii na huduma za Serikali. Anwani hizo zibadilishwe kote kabla ya makabidhiano.

Makubaliano yaandikwe, hata kwa barua pepe, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mikataba ya aina hiyo. Yaeleze wazi kinachouzwa: jina la biashara au alama iliyosajiliwa BRELA haiendi na kikoa bila kutajwa.

Udanganyifu wa kutumia kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Aliyetapeliwa amjulishe msajili mara moja ili uhamisho uzuiwe iwapo bado haujakamilika, kisha atoe taarifa polisi akiwa na mawasiliano yote aliyoyahifadhi. Namba ya simu iliyotuma ujumbe wa utapeli huripotiwa TCRA kupitia 15040.